Kutoka uanaharakati hadi Bungeni kwa mtu aliyehamia: mwongozo kwa wakazi wa Dar es Salaam

Mtu aliyehamia Tanzania na kupata uraia anaweza kuwa mbunge. Ibara ya 67 ya Katiba ya 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara hiyo haidai uraia wa kuzaliwa. Sharti la kuzaliwa limewekwa kwenye urais, ibara ya 39, pamoja na umri wa miaka 40. Tunaanzia hapa kwa sababu Kariakoo, Magomeni, Mbagala na Msasani wapo watu wanaobeba kazi nzito za jamii kwa miaka, huku wakiaminishwa kwamba siasa si yao.

Wenzao walishaipita njia hii. Januari 1958 TANU ilikubali Tabora kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwaka huo Jimbo la Kaskazini likawapeleka kwenye Baraza la Kutunga Sheria Sophia Mustafa, aliyezaliwa India na kukulia Kenya, na Derek Bryceson, mkulima Mwingereza aliyezaliwa China. Barbro Johansson, mwalimu na mmisionari kutoka Sweden aliyefika Tanganyika 1946, alichukua uraia 1962, naye pia alikuwa mbunge. Wote waliingia wakiwa na chama nyuma yao.

Leo kinachowaangusha wengi hutokea kabla hata ya karatasi ya kura kuchapwa: jina lisilolingana kwenye vyeti, uraia wa zamani ambao haukukanwa kwa maandishi, kadi ya chama iliyochukuliwa mapema mno, mdhamini aliyejiandikisha jimbo la jirani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari ya karatasi.

Piga hesabu ya miaka kwanza

Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Chukua mtu aliyeingia kwa kibali halali Machi 2019 na hakutoka: sifa ya makazi ataitimiza Machi 2027. Faili halina tarehe ya kujibiwa. Jipangie miaka miwili au mitatu ya kusubiri, na usimwamini anayekuahidi mwezi.

Sasa weka kalenda ya uchaguzi pembeni. Serikali za mitaa zilichaguliwa 27 Novemba 2024, na uchaguzi mkuu ulifanyika 29 Oktoba 2025. Mzunguko ni wa miaka mitano, kwa hiyo mitaa ni 2029 na 2034, udiwani na ubunge ni 2030 na 2035. Mtu wetu akipata cheti 2029 mwanzoni anaweza kugombea mtaa mwaka huohuo. Akikipata 2030, asilazimishe ubunge wa mwaka huo. Atumie miaka minne kujenga mtaa. Kugombea jimbo miezi sita baada ya kiapo ni kuwapa wapinzani wako hoja moja rahisi ya kuzungumzia kampeni nzima.

Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana njia fupi zaidi ya kuomba. Mume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Huo ni ubaguzi, na sheria inapaswa kubadilishwa. Lakini ratiba yako ipange kwa sheria iliyopo.

Ukiwa bado na kibali

Kibali cha ukaazi, kiwe daraja A la mwekezaji, B la mwajiriwa au C la wengineo, kinakupa ruhusa ya kufanya kilichoandikwa kwenye kibali hicho. Hakikupi uanachama wa chama cha siasa. Usichukue kadi, usisimame jukwaani, usikusanye saini za mtia nia, usivae sare hata kwa kupigwa picha na marafiki. Picha hiyo itakaa kwenye simu ya mtu miaka saba, kisha itatoka siku ya pingamizi.

Mei 2025 wanaharakati kutoka Kenya na Uganda waliokuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu walizuiwa kuingia au walikamatwa na kuondolewa nchini. Hilo likupe picha ya jinsi mkono wa dola unavyofika haraka pale asiye raia anapogusa siasa, hata akiwa na haki upande wake.

Kazi iliyobaki bado ni kubwa. Msaada wa kisheria kwa wafanyakazi wa ndani, elimu ya afya, maji, mikopo ya vikundi, usafi wa mitaro, watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa: yote haya hufanyika bila chama. Yafanye kupitia shirika lililosajiliwa, na weka kumbukumbu: mihutasari ya vikao, orodha za mahudhurio, barua zilizogongwa muhuri wa ofisi ya mtaa. Sheria inamtazama mwombaji uraia kwa mchango wake kwa uchumi, sayansi au utamaduni wa nchi, na barua ya mtendaji wa mtaa ya 2023 ina uzito kuliko hadithi utakayoitunga 2027.

Faili la uraia

Hapa usiharakishe. Kabla ya kugusa fomu, tandaza mezani kila karatasi yenye jina lako: cheti cha kuzaliwa, pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, vibali vyote vya ukaazi na vya kazi, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, TIN, kadi ya benki. Andika jina lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Utakuta Muhammad kwenye pasipoti, Mohamed kwenye kibali, Mohammed Ally kwenye TIN, na kwenye cheti cha shule jina la babu halipo kabisa. Kwa mwajiri hilo ni jambo dogo. Kwa anayetafuta sababu ya kukuengua, hao ni watu watatu.

Chagua jina moja, lile la pasipoti na cheti cha kuzaliwa, kisha sahihisha mengine kulifuata. Tofauti ya tahajia hutosha hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina lenyewe kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hivyo kabla ya kuomba uraia, maana jina litakaloandikwa kwenye cheti cha tajnisi ndilo litakalokwenda NIDA, kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura na hatimaye kwenye karatasi ya kura.

Karatasi ya pili ni jedwali la safari. Fungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa na uandike kila muhuri: tarehe ya kutoka, mpaka, tarehe ya kurudi, idadi ya siku. Namanga, Mutukula, Kabanga, uwanja wa ndege, vyote. Muhuri uliofutika usiukisie. Tafuta tiketi au weka alama kwamba tarehe haisomeki. Jumlisha siku za kila mwaka. Wengi hugundua hapo kwamba walikaa nje muda mrefu kuliko walivyodhani, hasa wafanyabiashara wa mpakani na waliouguza wazazi. Angalia pia mapengo kati ya kibali na kibali. Wiki tatu ulizokaa ukisubiri kibali kipya zinahitaji risiti ya maombi uliyoyawasilisha kwa wakati.

Maombi huanzia ofisi ya Uhamiaji ya wilaya yako na hupita ngazi za chini kabla ya kufika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani; mtaani watakuulizia. Hivyo mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na wazee wa eneo wakufahamu kwa sura na kwa kazi. Utatakiwa pia kutangaza gazetini nia yako, matoleo mawili yanayofuatana, ili mwenye pingamizi aandike kwa waziri. Hifadhi magazeti mazima, si vipande vilivyokatwa, maana ukurasa wa mbele ndio wenye tarehe. Kwenye usaili jibu kwa Kiswahili na kwa ufupi. Usijipendekeze, usidai una shangazi Tabora kama hayupo. Uamuzi wa waziri hautolewi sababu na sheria haitoi nafasi ya kuukatia rufaa, na uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa baadaye, hata ukiwa tayari na cheo. Kama cheti cha kuzaliwa kilipotelea vitani, sema hivyo na uape kiapo. Cha kutengenezewa uchochoroni kitakufuata maisha yako yote.

Ukikubaliwa, unaukana uraia wa zamani na kula kiapo cha utii. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Pata hati ya maandishi kutoka ubalozi wako ikisema umeukana, rudisha pasipoti ya zamani na udai risiti. Usiitumie tena hata kwa safari moja ya msiba. Ibara ya 67 inamwondolea sifa mtu aliyejipatia uraia wa nchi nyingine, na muhuri mmoja wa pasipoti ya kigeni baada ya tarehe ya kiapo ni zawadi kwa mpinzani wako.

Baada ya cheti, fuata mpangilio huu: kwanza NIDA, ili kumbukumbu zako zihame kutoka mkazi mgeni kwenda raia, kisha Daftari la Wapiga Kura, kisha TRA, benki na laini ya simu. Ukianza na kadi ya mpiga kura huku NIDA ikikutambua bado kama mgeni, kumbukumbu mbili za serikali zinapingana, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Neno kwa familia za waliokimbia Burundi 1972 na kupewa uraia kwa makundi, zaidi ya watu 160,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baadhi ya watoto wao sasa wako Dar es Salaam. Uraia wenu ni kamili. Lakini kila mmoja aone kwa macho yake cheti kinachotaja jina lake, au cheti cha mzazi na cheti chake cha kuzaliwa kinachomuunganisha na mzazi huyo. Kuambiwa na baba kwamba "sisi tulishapewa" hakutakusaidia mbele ya msimamizi wa uchaguzi.

Na karatasi zikiwa safi, bado utaulizwa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, na wengine watatu waliokuwa na nyadhifa kubwa, si raia. Mwaka 2018 Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi, aliitwa Uhamiaji kuhojiwa kuhusu uraia wake na wa wazazi wake. Miaka miwili baadaye alikuwa anaongoza vijana wa ACT-Wazalendo. Kadiri sauti inavyopanda ndivyo faili linavyofunguliwa. Weka seti tatu za nakala zilizothibitishwa na wakili: moja nyumbani, moja kwa wakili, moja kwa ndugu unayemwamini anayeishi wilaya nyingine.

Kuchagua chama

Mgombea binafsi hatambuliki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini ibara ya 67 bado inadai chama. Kuanzisha chako pia hutaweza: tangu marekebisho ya 2019, Sheria ya Vyama vya Siasa inamtaka anayeomba kusajili chama awe raia ambaye wazazi wake wote wawili ni raia. Utaingia kilichopo.

Soma katiba ya chama, na tafuta vipengele vinne: muda wa uanachama kabla ya kugombea, nani anapiga kura za maoni, ngazi gani ina neno la mwisho, na rufaa huenda wapi. Uliza ada ya fomu. Mwaka 2025 CCM ilitoza shilingi 500,000 kwa fomu ya ubunge na 50,000 kwa udiwani. Uliza pia kama chama kitakuwemo kwenye karatasi ya kura. CHADEMA haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi 12 Aprili 2025, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki; watia nia wake wa ngazi zote wakabaki nje, haijalishi kazi waliyofanya mtaani. Hatuandiki haya kukuelekeza chama. Kila chama kina gharama yake, na ni bora uijue kabla ya kuchukua kadi.

Siku unayochukua kadi, ondoka kwenye uongozi wa shirika lako. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 hairuhusu shirika kuwa la kichama. Andika barua ya kujiuzulu yenye tarehe, kabidhi hundi, gari na nywila kwa maandishi, na jina lako liondolewe kwa watia saini wa benki. Usimwombe aliyekurithi akuazime spika au turubai. Kumbuka vilevile kwamba marekebisho ya 2019 yanamtaka anayetaka kutoa elimu ya uraia au mafunzo kwa chama amwarifu Msajili wa Vyama kwa maandishi siku 30 kabla. Semina ya kirafiki kwa vijana wa chama inaweza kuliponza shirika zima.

Mtaa kwanza

Ujumbe au uenyekiti wa serikali ya mtaa ndio shule. Ofisi ndogo, mshahara hakuna, simu inalia saa nane usiku: mume kampiga mke, bomba limepasuka, mgeni kapangishwa bila barua. Kwa aliyehamia, nafasi hii inajibu swali la asili yake kila siku bila hotuba. Mama lishe uliyemsaidia kutohamishwa hatauliza ulizaliwa wapi.

Jiunge na kikoba cha mtaa na ulipe kwa wakati. Nenda kwenye msiba mapema, ukakae na wanaopanga viti, usingoje kupangiwa meza kuu. Wasalimie wazee kwa shikamoo kabla ya kusema shida yako. Na ukiulizwa mkutanoni, "Wewe kwenu wapi?", usikasirike wala usizunguke. Jibu mara moja: "Nilizaliwa Bukavu. Nimeishi Mbagala miaka 14. Ni raia wa tajnisi, cheti changu ninacho. Sasa tuzungumze kuhusu daraja letu." Kisha zungumzia daraja kwa dakika kumi nzima.

Mwanamke atazame pia viti maalumu, vinavyogawiwa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge. Orodha hupikwa ndani ya jumuiya za wanawake za vyama, kwa hiyo kazi hiyo huanza miaka mingi kabla kwenye vikao vya tawi na kata.

Fomu ya uteuzi

Fomu ya ubunge huhitaji wadhamini wasiopungua 25, wote wapiga kura walioandikishwa ndani ya jimbo lilelile. Kusanya 40. Kwa kila mmoja tazama kadi yenyewe, nakili namba, jina na kituo. Usikubali namba ya kusomewa kwa simu. Dar es Salaam ina mitego ya mipaka. Mbezi Juu iko Kawe, Mbezi ya Luis iko Kibamba. Mwaka 2025 Chamazi ilitengwa na Mbagala, na Kivule ikatengwa na Ukonga, hivyo mtu anayesema "mimi ni wa Mbagala tangu zamani" anaweza kuwa mpiga kura wa Chamazi. Asiyefaa mmoja kati ya 25 anatosha kuleta pingamizi. Ndiyo maana tunasema 40.

Kuna tamko la kisheria mbele ya hakimu. Usilipange siku ya uteuzi, kwa sababu foleni za Kisutu, Kinondoni au Temeke hazikujui. Nenda siku tatu kabla, na kabla ya kuondoka mlangoni hakikisha sahihi, muhuri na tarehe viko kwenye kila nakala. Mahali pa uraia andika lililo kweli. Mahali pa kazi andika kazi yenye ushahidi. Usiache nafasi wazi. Penye swali lisilokuhusu andika "hakuna". Tumia kalamu moja, mwandiko wa mtu mmoja, na ukikosea chukua fomu nyingine badala ya kufuta. Katika uchaguzi wa mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za kujaza fomu, hadi vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa.

Rudisha fomu asubuhi. Nenda na watu wawili, mmoja wa kupiga picha kila ukurasa uliopokelewa na saa ya kupokelewa. Dirisha la pingamizi ni la takriban siku moja, na hapo ndipo uraia wako utakaposhambuliwa. Uwe na bahasha tayari: cheti cha tajnisi, hati ya kuukana uraia wa zamani, risiti ya pasipoti iliyorudishwa, kitambulisho cha NIDA, hati ya kiapo ya majina, yote yakiwa yamethibitishwa, na barua ya majibu iliyokwisha kuandikwa na wakili ikiacha nafasi ya tarehe tu. Wakili huyo asiwe na kesi nyingine siku hiyo. Ukienguliwa, kata rufaa Tume kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye uamuzi, na udai uamuzi huo uwe wa maandishi. Kauli ya mdomo haikatiwi rufaa.

Pesa na usalama

Ndugu walio nje watataka kukuchangia. Washukuru na ukatae kwa kampeni. Pesa ya nje kwa mgombea wa tajnisi ni tuhuma inayotembea, hata kiasi kikiwa kidogo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka mapato na matumizi yatolewe taarifa, hivyo fungua daftari la michango ya ndani: jina, kiasi, tarehe, sahihi. Kofia, khanga na posho za wajumbe ziache. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vilivyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na TAKUKURU huweza kuja hata kwa pilau la wajumbe wanane.

Kuanzia siku ya kupiga kura Oktoba 2025 Dar es Salaam ilipitia maandamano, amri ya kutotoka nje usiku na intaneti kuzimwa. Mawakala wako wawe na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, mahali pa kukutania panapofikika kwa miguu, na maelekezo ya kudai nakala ya fomu ya matokeo kituoni kabla ya kuondoka. Familia yako ijue zilipo zile seti tatu za nakala, na mmoja wao awe na namba ya wakili kichwani.

Ukishinda, una siku 30 za kuwasilisha tamko la mali na madeni kwenye Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na baada ya hapo kila mwaka kabla ya 31 Desemba. Taja pia kiwanja au nyumba uliyoacha nchi ulikotoka, hata kama iko kwa jina la pamoja na kaka zako.